Mrima, oksidi na kompyuta za mawimbi ya sumaku

Barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga hugawanyika Kombani. Tawi moja hupanda kuelekea mji wa Kwale, jingine huendelea kusini kwa njia ya Tiwi na Ukunda hadi Msambweni. Kwa takriban miaka kumi malori ya kampuni ya Base Titanium yalipita njia panda hiyo yakipeleka mchanga mzito wa Maumba na Nguluku kwenye gati la Likoni. Uchimbaji ulifungwa Desemba 2024. Mazungumzo ya madini katika kaunti ya Kwale sasa yamehamia kilima cha Mrima, na humo mna dai linalosisimua: kwamba yaliyo ardhini Mrima si ya rangi na vigae kama yale ya Maumba, bali ni malighafi ya kompyuta za kesho, zitakazobeba habari kwa sumaku mahali pa mkondo wa umeme.

Dai hilo lina ukweli na lina chumvi, na vyote viwili vimekorogwa pamoja kiasi kwamba mkaazi wa Kikoneni, diwani na hata mwalimu wa fizikia hawajui washike lipi. Kazi ya uchambuzi huu ni kuvitenganisha. Sayansi yenyewe ipo, na ni nzuri kweli. Swali ni kama ina uhusiano wowote na thamani ya udongo wa Mrima.

Mkanganyiko ulikotoka

Jiolojia ya Mrima haikugunduliwa juzi. Kilima hicho ni mabaki ya mwamba wa karbonatiti, na tangu miaka ya 1950 wapimaji walijua kuwa kina niobiamu, manganizi na madini adimu. Kilichokuja baadaye ni bei. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec, iliyokuwa na leseni ya kuchimba, ilitangaza kuwa madini adimu ya hapo yana thamani ya dola bilioni 62.4. Tarakimu hiyo ilienea kama moto wa kichaka. Ni wachache tu kati ya walioisikia walioambiwa kwamba ilikuwa thamani ya madini yakiwa bado ardhini, kabla ya kuondoa gharama ya kuchimba, kusafisha, kutenganisha na kutupa taka.

Agosti mwaka huohuo Waziri wa Madini, Najib Balala, alifuta leseni. Cortec ikaishtaki Kenya mbele ya mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia ikidai fidia ya takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 Kenya ilishinda: wasuluhishi walisema leseni haikuwa halali kwa kuwa masharti ya kisheria, ikiwamo tathmini ya athari kwa mazingira, hayakutimizwa. Ombi la kutaka uamuzi huo ubatilishwe lilikataliwa mwaka 2021.

Halafu dunia nayo ikaingilia. Aprili 2025 China iliweka udhibiti wa kuuza nje aina 7 za madini adimu. Miongoni mwake ni itriamu na gadoliniamu, na haya mawili ndiyo hasa yanayotajwa katika maabara za teknolojia mpya ya sumaku. Kampuni za Australia, zikiwamo RareX na Iluka, zikatangaza nia ya kuitaka Mrima. Habari za siasa ya dunia, habari za maabara na habari za kilima zikaingia sikioni kwa wakati mmoja, na zikasikika kana kwamba ni habari moja.

Chembe ambazo si chembe

Ndani ya sumaku, kila atomu ya chuma hufanya kazi kama sumaku ndogo sana yenye upande wake wa kuelekea. Katika kipande kilichotulia, sumaku hizo ndogo hupangika kwa utaratibu. Ukiitikisa moja, jirani yake huyumba, na jirani wa jirani naye huyumba, mpaka mtikisiko ufike mbali. Mfano wake uko baharini: ngalawa iliyotia nanga nje ya mwamba wa Tiwi hupanda na kushuka pale pale ilipo, lakini wimbi lililoiinua hufika ufukweni. Atomu haziondoki mahali pake. Kinachosafiri ni wimbi.

Mwanafizikia Felix Bloch alieleza mawimbi hayo mwaka 1930. Kwa kuwa nguvu ya wimbi hilo huja kwa mafungu yasiyogawanyika, hesabu za wanafizikia hulichukulia kila fungu kama chembe, na chembe hiyo huitwa magnoni. Haiwezi kutolewa nje ya sumaku ikawekwa kwenye chupa. Hata hivyo hukimbia, hugongana, hubeba nguvu na huweza kupimwa, kwa hiyo kuiita chembe si upotoshaji bali ni njia ya mkato ya hesabu.

Aina ya pili ya chembe za namna hii ni skirmioni. Hii si wimbi bali ni fundo: sumaku ndogo zimejizungusha kwenye duara la makumi ya nanomita, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Katikati zinaelekea chini, pembeni zinaelekea juu, na kati ya hapo zinageuka polepole. Fundo la namna hiyo halifunguki kirahisi. Jina limetokana na Mwingereza Tony Skyrme, aliyelibuni wazo hilo katika fizikia ya viini vya atomu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika sumaku lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kwenye majaribio ya watafiti wa Munich.

Faida inayotafutwa inaeleweka bila hesabu nyingi. Chipu za leo hubeba habari kwa kusukuma elektroni, na elektroni zikisukumwa hupasha moto njia zinamopita. Shirika la Nishati la Kimataifa lilikadiria kuwa vituo vya data vya dunia vilitumia takriban terawati-saa 415 mwaka 2024, yaani karibu asilimia 1.5 ya umeme wote. Karibu umeme huo wote huishia kuwa joto, kisha umeme mwingine hutumika kuliondoa joto hilo. Wimbi la sumaku linaweza kupita bila elektroni hata moja kuhama, na fundo la sumaku linaweza kukaa mahali pake bila kulishwa umeme.

Kwa nini oksidi

Sumaku nyingi zinazojulikana ni metali, na metali hupitisha umeme. Magnoni ikipita ndani ya metali hukumbana na elektroni zinazozurura na kupoteza nguvu yake baada ya umbali mfupi. Oksidi nyingi za sumaku ni vihami, yaani hazipitishi umeme. Elektroni zake zimefungwa, kwa hiyo wimbi linapita bila kusumbuliwa sana.

Bingwa wa oksidi hizo ni ganeti ya chuma na itriamu, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1956. Ina atomu 3 za itriamu, 5 za chuma na 12 za oksijeni katika kila kipimo cha mchanganyiko wake. Hakuna sumaku nyingine inayojulikana ambayo wimbi hudumu ndani yake kwa muda mrefu hivyo. Si kitu cha kubuniwa kesho pia: vichujio na vitoa mawimbi vya ganeti hiyo vimefanya kazi kwa miongo kadhaa ndani ya mitambo ya kupimia redio na rada.

Wala Pwani si mgeni wa oksidi za sumaku. Kaseti za taarabu za Juma Bhalo na Zuhura Swaleh zilizovuma Mombasa na Kwale zilihifadhi sauti kwenye unga mwembamba wa oksidi ya chuma uliopakwa juu ya utepe wa plastiki. Kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilitunza kumbukumbu kwenye vipete vya feraiti, ambayo nayo ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine, vilivyosukwa kwa waya kama shanga. Chombo cha Apollo kilichofika mwezini kilitegemea vipete hivyo. Oksidi ya sumaku imewahi kuwa moyo wa kompyuta, kisha ikang'olewa na silikoni katika miaka ya 1970. Wanaoipigia debe leo wanasema zamu yake inarudi.

Mawimbi, mafundo na kutu

Wanaosema hivyo hawasemi kwa sauti moja. Kuna kambi tatu, na kila moja ina oksidi yake.

Kambi ya mawimbi ndiyo iliyofika mbali zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Sendai, Japani, walipitisha ishara ya umeme kwenye ganeti: umeme uliingia upande mmoja kwa kipande cha platinamu, ukageuzwa mawimbi ya sumaku, ukasafiri ndani ya kihami, ukatoka upande wa pili ukiwa umeme tena. Mwaka 2014 kikundi cha Kaiserslautern, Ujerumani, kilionyesha transista ambamo kundi moja la magnoni huzuia jingine lisipite. Mwaka 2015 Groningen, Uholanzi, ilipima magnoni zikienda makumi ya maikromita katika joto la kawaida la chumbani. Mwaka 2020 watafiti walitengeneza njia za ganeti zenye upana wa nanomita 350 tu na kuonyesha namna mawimbi yanavyoweza kugawanywa kutoka njia moja hadi nyingine, hatua ya lazima katika kujumlisha namba.

Nguvu ya kambi hii ni kwamba mawimbi hukutana na kuingiliana yenyewe. Mawili yakikutana kilele kwa kilele huongezeana, yakikutana kilele kwa bonde hufutana, na hivyo hesabu hufanyika bila kuhitaji transista nyingi. Udhaifu wake uko mlangoni. Kila umeme unapogeuzwa kuwa wimbi, na wimbi kurudi kuwa umeme, sehemu kubwa ya ishara hupotea. Faida ya kupita bila joto huliwa na gharama ya kuingia na kutoka. Tena mawimbi hayo huenda kwa kilomita chache au makumi ya kilomita kwa sekunde, mwendo wa kobe mbele ya ishara ya umeme kwenye waya. Watetezi hujibu kwamba ndani ya chipu umbali ni mfupi. Ni jibu la haki, lakini halitibu tatizo la mlangoni.

Kambi ya mafundo inatafuta kumbukumbu zaidi kuliko hesabu. Mwaka 2008 Stuart Parkin wa IBM alipendekeza hifadhi ambamo data hukimbizwa kwenye waya wa sumaku kama msafara. Miaka mitano baadaye Albert Fert, aliyepata Nobeli mwaka 2007, pamoja na wenzake walipendekeza kuwa abiria wa msafara huo wawe skirmioni. Katika oksidi, skirmioni zilionekana mwaka 2012 ndani ya mchanganyiko wa shaba, seleniamu na oksijeni. Uzuri wa mchanganyiko huo ni kwamba ni kihami. Ubaya wake ni kwamba skirmioni hukaa humo kwenye baridi ya takriban nyuzi 215 chini ya sufuri, baridi ambayo hakuna simu itakayoibeba mfukoni. Kwa sababu hiyo watafiti waligeukia matabaka membamba ya ganeti ya chuma na thuliamu, ambayo hufanya kazi kwenye joto la kawaida. Thuliamu ni moja ya madini adimu yaliyo adimu kwelikweli.

Fundo likisukumwa lina tabia ya kukwepa pembeni badala ya kwenda moja kwa moja, na kwenye njia nyembamba huweza kugonga ukingo na kufutika. Katika kihami kuna shida ya ziada: mkondo wa umeme haupiti ndani yake, kwa hiyo fundo lazima lisukumwe kutoka tabaka la jirani au kwa tofauti ya joto. Yote hayo yana ufumbuzi kwenye karatasi, na baadhi yake maabarani. Bado hayajaingia kiwandani.

Kambi ya tatu ndiyo inayofurahisha kuliko zote kwa msomaji wa Kwale, kwa sababu oksidi yake ni hematiti. Hiyo ndiyo oksidi ya chuma inayoupa udongo mwekundu rangi yake, ndugu wa karibu wa kutu. Katika hematiti sumaku ndogo za atomu hupangika kinyume kwa kinyume, moja huku na nyingine kule, hivi kwamba kwa nje kipande kizima karibu hakina usumaku. Kwa miaka mingi sifa hiyo ilionekana haina matumizi. Leo inatafutwa: vipande visivyo na usumaku wa nje havisumbui majirani, kwa hiyo vinaweza kusongamana, na mitikisiko yake inaweza kuwa ya kasi kubwa mno kuliko ya sumaku za kawaida.

Mwaka 2018 watafiti wa Mainz na wenzao walionyesha kuwa magnoni husafiri makumi ya maikromita ndani ya hematiti. Mwaka 2021 timu ya watafiti wa Singapore na Oxford ilionyesha mafundo ya jamii ya skirmioni ndani ya hematiti kwenye joto la chumbani, yakizaliwa na kuyeyuka kadiri kipande kilivyopashwa na kupozwa. Mwishoni mwa 2023 watafiti wa Cambridge na wenzao, wakitumia ncha ya almasi kama kipimio, waliona ndani ya hematiti mikusanyiko inayofanana na sumaku ya ncha moja, kitu ambacho vitabu vya shule husema hakipatikani. Udhaifu wa kambi hii ni upande wa pili wa nguvu yake: kitu kisichoonyesha usumaku nje ni kigumu kukisoma na kigumu kukiandika.

Kaburi la vipovu

Wenye shaka nao wana hoja, na hoja yao nzito kuliko zote ni ya kihistoria.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika maabara za Bell, Andrew Bobeck na wenzake walibuni kumbukumbu ya vipovu vya sumaku. Vipovu hivyo vilikuwa maeneo madogo ya duara ndani ya tabaka la ganeti, kila kimoja kikiwakilisha tarakimu moja ya data, na vilisogezwa kwa uga wa sumaku unaozunguka. Tabaka hilo liliotwa juu ya sahani ya ganeti ya gadoliniamu na galiamu. Havikuhitaji umeme ili kukumbuka, havikuwa na kifaa kinachozunguka kikachakaa, na vilistahimili mtikiso. Mwaka 1977 Texas Instruments ilianza kuviuza. Mwaka 1979 Intel ilitoa chipu ya biti milioni moja. Kompyuta ndogo ya GRiD Compass ya mwaka 1982, iliyopanda angani na vyombo vya NASA, ilitumia kumbukumbu hiyo.

Kisha ikafa. Fizikia ya vipovu haikuwa na kasoro. Vilifanya kazi kama vilivyoahidiwa. Kilichoviua ni kwamba chipu za silikoni zilikuwa zikishuka bei kila mwaka, na diski ngumu nazo zilikuwa zikijaza data nyingi zaidi kwa bei ileile. Texas Instruments ilijitoa mapema katika miaka ya 1980, na kabla ya muongo kwisha soko lilikuwa limebaki kwenye kona chache za kijeshi na viwandani.

Anayesoma maelezo ya skirmioni baada ya kisa hicho hawezi kukosa kuona sura ya baba kwa mwana. Ni ganeti ileile, duara lilelile, wazo lilelile la kukimbiza data bila kukimbiza kifaa. Kilichobadilika ni ukubwa: vipovu vilikuwa vya maikromita, mafundo ya leo ni ya nanomita. Hiyo ni tofauti kubwa, na haifai kudharauliwa. Lakini mshindani wake naye hakulala. Kumbukumbu ya sumaku inayouzwa madukani leo haitumii magnoni wala skirmioni. Hutumia matabaka ya metali yaliyotenganishwa na ngozi nyembamba ya oksidi ya magnesi, ugunduzi wa mwaka 2004 uliofanywa sambamba na Shinji Yuasa wa Japani na Parkin wa IBM. Oksidi imo, ila kazi yake ni ya ukuta tu.

Uamuzi wa haki juu ya sayansi yenyewe unaweza kusemwa hivi. Kambi ya mawimbi ina nafasi nzuri kwenye vichujio vya redio na mawasiliano, ambako ganeti tayari ina makaazi, kabla ya kufika kwenye kompyuta. Mafundo ya oksidi bado ni ya maabara. Hematiti ndiyo yenye ndoto kubwa na njia ndefu. Mtu anayesema kuwa teknolojia hizi zitachukua nafasi ya silikoni karibuni anauza kitu.

Gramu dhidi ya tani

Tuchukulie, kwa ajili ya hoja, kwamba wenye matumaini wameshinda. Chipu za ganeti ziko kila mahali. Je, Mrima ingepata nini?

Hesabu si ngumu. Chipu ya sentimita moja ya mraba iliyopakwa ganeti yenye unene wa nanomita 100 hubeba takriban maikrogramu 50 za ganeti, na ndani yake itriamu ni kama maikrogramu 19. Gramu moja ya itriamu ingetosha chipu zaidi ya 50,000. Kilo moja ingetosha chipu zaidi ya milioni 50. Gunia moja la kilo 50 lingetosha chipu zaidi ya bilioni 2.5.

Kuna kasoro moja katika hesabu hiyo na ni vyema isemwe. Ganeti bora huoteshwa juu ya sahani ya gadoliniamu na galiamu, na sahani yenye unene wa nusu milimita inahitaji takriban gramu 0.16 za gadoliniamu kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ni zaidi sana. Hata hivyo tani moja ya gadoliniamu ingetoa zaidi ya sahani milioni 6 za ukubwa huo, na watafiti wenyewe wanahangaika kuiondoa sahani hiyo ghali ili ganeti ikae juu ya silikoni.

Linganisha na matumizi yanayoendesha soko hasa. Mota ya gari moja la umeme hubeba sumaku za neodimiamu zenye uzito wa kilo moja hadi mbili. Mtambo mkubwa wa upepo hubeba mamia ya kilo, pengine tani. Mwaka 2024 dunia ilichimba takriban tani 390,000 za oksidi za madini adimu, na sumaku za kawaida ndizo zinazovuta bei. Zaidi ya hapo, miamba ya karbonatiti kama ya Mrima kwa kawaida ina wingi wa seriamu, lanthanamu na neodimiamu kuliko itriamu. Kama Mrima itachimbwa, itachimbiwa mota, si magnoni.

Na ikiwa hematiti ndiyo itakayoshinda? Hapo malighafi ni oksidi ya chuma, iliyojaa duniani kote. Haitaongeza bei ya udongo popote.

Mchanga wa Maumba nao umeguswa na fizikia hii, ingawa kwa njia ya kando. Ilmenaiti iliyomo mchangani humo, ambayo ni oksidi ya chuma na titani, hupanga sumaku zake kwenye baridi kali tu, chini ya nyuzi 215 za baridi; kwenye joto la Pwani haina mpango wowote wa kisumaku. Hata hivyo huvutwa kidogo na sumaku yenye nguvu, na tabia hiyo ndiyo iliyotumika kiwandani kuitenga na madini mengine ya mchanga huo, rutaili na zirkoni. Ikichanganyika na hematiti hupata tabia za ajabu ambazo wanafizikia wamezichunguza tangu miaka ya 1950. Lakini meli zilizoondoka Likoni zilibeba ilmenaiti kama malighafi ya rangi nyeupe. Thamani iliongezwa ng'ambo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Groningen haichimbi itriamu. Kaiserslautern haina mgodi wa madini adimu, wala Sendai, wala Singapore. Walichonacho ni mitambo ya kuotesha tabaka la oksidi atomu kwa atomu, ambapo leza hukipiga kipande cha oksidi mpaka kikawa mvuke na mvuke ukatua kwenye sahani, na wanacho kizazi cha watu waliofundishwa kuitumia. Malighafi yao huinunua kwa gramu, ikiwa imesafishwa mno. China nayo haikupata nguvu yake kwa migodi peke yake. Huko ndiko inakofanywa sehemu kubwa kabisa ya kazi ya kutenganisha na kusafisha.

Kwale ipime nini

Wapo wanaosema Kwale haina la kufanya na sayansi hii, iwaachie Wazungu na Waasia. Msimamo huo una ulegevu wa mawazo. Kenya tayari ina kiwanda kidogo cha teknolojia ya nusu vipitishi, Semiconductor Technologies Limited, kilicho katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto mjini Washington, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya katika kukuza sekta ya chipu. Utafiti wa oksidi za sumaku si lazima uanzie kwenye kiwanda cha mabilioni. Unga wa feraiti na ganeti huweza kuokwa katika tanuri la maabara ya chuo, na kuupima kunahitaji vifaa ambavyo chuo kikuu kilichojipanga kinaweza kuvipata. Vyuo vya Pwani vina wanafunzi wa fizikia na kemia. Wanachokosa mara nyingi ni tanuri, kipimio na msimamizi mwenye muda.

Wapo pia wanaosema Kwale ishikilie Mrima mpaka kompyuta za sumaku zifike, ndipo iuze kwa bei ya juu. Hesabu ya gramu imeuvunja msimamo huo. Hakuna bei ya juu inayokuja kutoka upande huo.

Kinachobaki ni kuipima Mrima kwa mambo yake yenyewe, na mambo hayo ni mazito. Udongo wake una thoriamu, na vipimo vya watafiti vimeonyesha mionzi ya asili iliyo juu ya wastani wa kawaida. Mchimbaji akitenga madini adimu, thoriamu hiyo haitoweki. Hubaki kwenye taka, ikiwa imekusanyika zaidi. Kilima kina msitu na kaya, mahali patakatifu pa Wadigo, na wazee wa kaya wamekuwa sehemu ya mgogoro tangu siku za mwanzo. Maji ni suala, kwa kuwa kusafisha madini adimu hunywa maji na tindikali. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi mahali pa uchimbaji, lakini uzoefu wa Kwale na titani ulikuwa kwamba fungu la jamii lilichelewa kwa miaka.

Ipo hoja nzito kwa upande wa kuchimba pia. Kufungwa kwa Base kuliacha pengo la ajira na mapato ambalo utalii wa Diani peke yake haulizibi kirahisi, na dunia inayokimbia utegemezi kwa China imewapa wauzaji wapya nguvu ya kujadiliana ambayo hawakuwa nayo mwaka 2013. Nguvu hiyo ina muda wake. Migodi mingine, ya Afrika na kwingineko, inawania nafasi ileile, na mnunuzi akishapata anachotaka kwingine hatasubiri Kwale imalize vikao.

Kwa hiyo vikao vya maoni ya umma vitakapoitishwa, wakaazi wa Mrima, Kikoneni na Msambweni wanayo maswali ya kumwekea mwombaji wa leseni mezani. Thoriamu itakwenda wapi na nani ataichunga miaka 30 baada ya mgodi kufungwa? Kutenganisha kutafanyika Kenya au madini yatasafirishwa ghafi? Kaya itabaki na mipaka gani? Asilimia 10 ya jamii italipwa kwa ratiba ipi, na kupitia mikono ya nani? Mwombaji akijibu kwa kuzungumzia kompyuta za kesho, ajue hajajibu. Teknolojia ya magnoni na skirmioni inastahili fedha katika bajeti ya vyuo; katika hesabu ya leseni ya Mrima haistahili kuongeza hata shilingi moja.